Sauti ya Namba Thelathini na Moja

Darasani kwetu mwalimu akimaliza kufundisha huuliza, "Tumeelewana?" na sisi tunajibu "Ndiyooo" kwa sauti ile ndefu ya watu wanaotaka kutoka wakale mihogo. Hata aliyelala hujibu. Mimi nimewahi kujibu nikiwa usingizini kabisa, na mashahidi ninao. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa hajibu. Alisubiri mlio wetu uishe, akanyoosha mkono, akasema bila haraka, "Mimi sijaelewa."

Darasa zima linaguna. Mwalimu anarudi ubaoni. Nje, mihogo inapoa.

Huyo ndiye niliyekaa naye dawati moja tangu kidato cha kwanza. Kwao ni watu wa Bukoba. Baba yake anapima viwanja, mama yake ni nesi, na nyumbani kwao Buhongwa watu wanaulizana maswali mezani huku wanakula ndizi. Niliwahi kwenda nikashuhudia. Baba yake aliniuliza nina maoni gani kuhusu jambo fulani, nikageuka nyuma nione anaongea na nani. Kwetu sisi ukimuuliza baba swali, anakuuliza kama umeshafunga mbuzi.

Kazi yangu darasani ilikuwa nyingine. Mimi ni mtu wa kuiga sauti. Ninaweza kumtoa mkuu wa shule, mlinzi wa getini, madam wa Kemia akiwa na mafua, hata kengele yetu, ambayo ni rimu ya lori. Lakini iliyopendwa kuliko zote ilikuwa sauti ya jirani yangu wa dawati. Nikisema "Mimi sijaelewa" kwa kale kasauti kembamba kanakopanda kidogo mwishoni, watu wanalala chini. Na yeye alikuwa anacheka. Ninaliandika hili kwa sababu baadaye wenzangu walisema eti alikuwa hachekagi. Alikuwa anacheka sana.

Jambo la pili ninaloliweza ni saini. Nusu ya ruhusa za wazazi wa darasa letu zimetoka mkononi kwangu. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Kwa kweli siku hizi sisemi kitu kwa kujisifu, wala kwa kujuta, maneno yanatoka tu kama maji ya bomba ambalo mtu amesahau kulifunga.

Kila mwaka kidato cha tatu cha shule yetu huenda matembezi. Siku tatu, kwa miguu. Basi linawashusha ng'ambo ya Magu, mnaufuata ufuo wa ziwa kurudi upande wa Mwanza, mnalala kwenye madarasa ya shule za msingi za njiani. Pori, majabali, majaruba ya mpunga, halafu pori tena. Mwenye matembezi hayo ni mwalimu wa michezo, mtu aliyewahi kupita jeshini na hajatoka mpaka leo. Kwake mnatembea mstari mmoja, kila mtu na namba yake. Maji ni kwa filimbi. Filimbi ndefu ikilia wote mnakunywa, isipolia chupa inakaa mgongoni, maana anayejinywea ovyo atayamaliza aanze kuomba wenzake. Na mmoja akiharibu, wote mnaruka kichurachura: mnachuchumaa, mnashika masikio, mnarukaruka kama vyura mpaka atakapochoka yeye kuhesabu.

Hiyo ya mwisho ndiyo yenye akili. Mwalimu hakuhitaji kutuchunga. Tulichungana wenyewe.

Fomu ya matembezi ilikuwa na swali moja la maana: je, mtoto ana tatizo lolote la kiafya? Rafiki yangu ana selimundu. Aliniambia tukiwa kidato cha pili, kwa namna mtu anavyokwambia amekula nini. Chembe za damu yake zinapinda kama mundu, zinakwama kwenye mishipa, na zikikwama mwili unauma mpaka anashindwa hata kulia. Uchovu unaleta, baridi inaleta, kiu ndiyo inaleta kabisa. Kwa hiyo dawati letu lilikuwa na chupa kubwa ya maji wakati wote, na darasa lilidhani ni mbwembwe za watoto wa kishua. Asubuhi wote tukikimbia mchakamchaka, yeye alikaa kwenye ngazi ya darasa akilinda mabegi. Walimu walijua ana "kifua". Ndivyo alivyowaambia, na sababu ya kuwaambia hivyo hakunipa.

Siku fomu zilipotolewa aliweka ya kwake mbele yangu.

"Niandikie."

"Niandike nini?"

"Pale kwenye afya. Andika hana."

"Wewe mtu wa maswali," nikamwambia, "hili hujajiuliza?"

"Nimejiuliza miaka mitatu. Nimechoka kulinda mabegi yenu. Mara moja tu na mimi niwe kwenye mstari."

Nikamwambia mstari wenyewe hauna kitu, ni kisogo cha mtu tu kiko mbele yako siku nzima. Akasema hicho kisogo ndicho anachotaka kukiona. Basi nikaandika "Hana", nikaweka na saini ya baba yake, ile yenye mkia mrefu kama wa ng'ombe. Ilitoka safi. Nilijiona fundi. Nyumbani yeye aliaga anakwenda kambi ya Hesabu, wazazi wakafurahi, mama yake akamfungia na karanga.

Tulipanga hivi. Yeye angetembea mbele yangu. Akihitaji maji kabla ya filimbi angejikuna shingo, na mimi ningeanguka. Kuanguka nako ni kipaji. Siku ya kwanza nilianguka mara saba. Nilianguka kwa mwiba, nikaanguka kwa siafu ambao hawakuwepo, nikaanguka mbele ya kundi la ng'ombe nikawaamkia, "Shikamooni." Mstari ulisimama, watu wakacheka mpaka wakashikana mabega, na katika ule mchafuko yeye aliinamia begi akapiga mafunda manne, matano. Mwalimu, ambaye siku zote alikuwa hatua hamsini mbele akitazama ramani kwenye simu, aligeuka na kusema, "Huyo mtoto ana miguu miwili ya kushoto." Tukaendelea.

Jioni ile tulilala kwenye darasa la shule moja iliyo karibu na maji. Yeye alikuwa mzima. Alikaa dirishani anajipaka mafuta miguuni, akasema, "Kisogo chenyewe kibaya."

"Nilikwambia."

"Lakini ni changu," akasema.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, tulikuwa kwenye njia ya kokoto isiyo na mti. Nikaanguka kwa mara ya tatu asubuhi ile. Watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Kapteni wa mstari hakucheka. Ni kijana mrefu wa darasa letu, kaptula imepigwa pasi hata porini, na ana tabia ya kuona vitu.

"Mwalimu," akasema. "Kila huyu akianguka, yule anakunywa."

Watu walianza kukumbuka, na niliona namna walivyokumbuka, mmoja baada ya mwingine, kuanzia mbele kwenda nyuma.

"Kweli," akasema mmoja.

"Hata jana kwenye ng'ombe."

"Sisi tunakauka, wao wamefungua baa."

Mwalimu alirudi taratibu. Hakugomba. Alisema, "Chini wote," kama mtu anayesema hodi.

Tuliruka kichurachura arobaini, kwenye kokoto za moto. Yeye aliruka pia. Alikuwa upande wangu wa kulia, ameshika masikio, macho yake yako mbele. Kwenye ishirini na kitu nilifungua mdomo niseme. Aliniona. Akatikisa kichwa mara moja. Nikaufunga. Tulipomaliza miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi, nikaipiga ngumi na sikusikia kitu. Niliona inachekesha. Nikatafuta mtu wa kumwambia, na hakuna aliyekuwa ananitazama.

Ndipo kapteni akatutenganisha. Mimi alinitoa akaniweka namba moja, mbele kabisa, niimbishe, kwa kuwa eti nina mdomo. Yeye akampeleka nyuma awe thelathini na moja. Baada yake alibaki mtu mmoja tu, thelathini na mbili, kijana mmoja mnene aliyebeba begi la dawa. Kwa kawaida nyuma kabisa hukaa madam aliyekuja nasi kutupikia, lakini siku ile alikuwa ametangulia kwa bodaboda na masufuria ili tukute ugali tayari.

Wakati anapita kwenda nyuma nilimwuliza kwa macho. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Nitasubiri filimbi kama watu wengine." Akaongeza, "Usianguke tena."

Kuimbisha mchakamchaka ni kitu kitamu, lazima niseme. Unatupa mstari wa wimbo, watu thelathini wanaurudisha na neno moja, chenja, na miguu yote inapiga chini pamoja. Mwanzoni waliitikia kwa uchungu. Magu kwaheri, chenja. Kayenze tunakuja, chenja. Nikatunga wa madam na masufuria yake, wakalainika. Nikatunga wa kaptula ya kapteni, wakaanza kucheka, hata kapteni alitabasamu kwa upande mmoja. Nilikuwa nawasikia wananirudia. Na kwa sababu nina masikio ya kuiga, nilisikia pia, mwisho kabisa wa kila chenja, sauti moja nyembamba inayochelewa kidogo na kupanda mwishoni. Alikuwa anaitikia. Nikajua yupo.

Ukiwa mbele, wewe ndiye mwendo. Ukiimba haraka, wanatembea haraka. Nikaimba haraka.

Halafu nikatunga huu. Sikuupanga, ulikuja na mdomo ulikuwa wazi.

Kuna ng'ombe mmoja, chenja.
Hachungwi na mtu, chenja.
Kila hatua mbili, chenja.
Anatafuta bwawa, chenja.

Walicheka kuliko siku zote nilizowahi kuwachekesha. Mtu alipiga mluzi. Nikaurudia mara mbili, kwa sababu ulikuwa unafanya kazi, na watu walikuwa wamenisamehe, niliwasikia kabisa nyuma ya mgongo wangu wakinisamehe. Ilikuwa inakaribia saa sita. Niliposikiliza tena mwisho wa chenja, ile sauti iliyokuwa inachelewa haikuwepo.

Dakika chache baadaye habari ilikuja kutoka nyuma. Ndivyo tulivyokuwa tunafanya: ujumbe unapitishwa mdomo kwa mdomo, mtu anamnong'oneza wa mbele yake bila kuvunja mwendo. Ulipita watu wote ukanifikia mimi na kapteni.

"Thelathini na moja kakaa chini."

Mwalimu alikuwa kwenye zile hatua zake hamsini. Kumwambia ilikuwa ni kusimama, na kusimama ilikuwa ni kokoto. Kapteni alifikiri kidogo. Sikumwona kama mtu mbaya wakati ule na simwoni hivyo leo.

"Atafuata," akasema, na neno hilo likaanza kurudi nyuma, mdomo kwa mdomo. Atafuata. Atafuata. Atafuata. Mimi ndiye niliyemnong'oneza mtu wa pili. Halafu nikaendelea kuimba, maana nisingeimba mwalimu angegeuka.

Saa saba tulifika kwenye majabali yenye kivuli na filimbi ndefu ikalia. Watu walitupa mabegi, wakanywa, wakalala huko na huko. Mimi nilitazama njia tuliyotoka. Ilikuwa nyeupe na haina mtu. Thelathini na mbili alikuja akakaa mbali na mimi, amekumbatia begi lake la dawa.

"Alisemaje?" nikamwuliza.

"Alisema yeye anakaa hapo. Nikamwambia twende. Akasema nyie nendeni, mimi nafikiria kwanza."

"Ukafanyaje?"

"Nikaja. Ningefanyaje na mimi?"

Mwalimu alikuwa ametupa mgongo, amenyanyua simu juu anatafuta mtandao. "Hesabu," akasema, bila kugeuka.

Moja, nikasema mimi. Mbili. Tatu. Namba zilizunguka kwenye mawe, kila mtu pale alipolala, na kadiri zilivyokaribia mwisho ndivyo zilivyozidi kuwa za polepole. Ishirini na tisa. Thelathini.

Halafu hakuna kitu.

Wote wakanigeukia. Hakuna aliyesema neno wala kunikonyeza. Walinitazama tu, kwa sababu kila mtu alijua ninachokiweza, na kila mtu alikuwa na magoti yake yenye kokoto. Ulikuwa muda mfupi kuliko unaouchukua kuusoma. Nilitafuta ndani yangu kama kuna kitu kitakachonizuia. Hakikuwepo, wala hakukuwa na kinachonisukuma. Nilifungua mdomo.

"Thelathini na moja," nikasema. Nyembamba, inapanda kidogo mwishoni. Sijawahi kumtoa vizuri vile.

"Thelathini na mbili," akasema kijana wa dawa haraka.

"Safi," akasema mwalimu.

Hakuna aliyecheka. Ndiyo mara pekee nimeiga sauti ile na watu wasicheke. Watu walirudi kufunga kamba za viatu vyao, na tukaamka, na tukaenda. Mtu akisema alilazimishwa siku ile anadanganya. Hakuna aliyemlazimisha mwenzake. Tuliafikiana bila kuulizana, kama vile tunavyoitikia "Ndiyooo."

Mwendo wa baada ya pale siukumbuki vizuri. Ninakumbuka kisogo cha mwalimu. Ninakumbuka niliimba, na wimbo ulikuwa unatoka mbali kama redio ya jirani. Kila nilipofikiri kusimama, miguu ilikuwa imeshapiga hatua nyingine, na ile nyingine, na nikawa nangoja itakayokuwa ya mwisho. Nilijua maji yake hayafiki jioni. Nilijua kichurachura kinafanya nini kwenye nyonga zake. Nilijua mambo haya kwa namna unavyojua jina la mji mkuu wa nchi ya mbali.

Saa kumi tuliingia kituoni, shule ya msingi yenye uwanja mkubwa. Madam alikuwa amepakua. Sahani zilikuwa zimepangwa chini kwenye nyasi, za plastiki, ugali na dagaa, thelathini na mbili, maana madam ni mtu wa kuhesabu. Tulipita mmoja mmoja tukachukua. Tukakaa.

Sahani moja ikabaki kwenye nyasi.

Watu wote waliiona. Walianza kula huku wakiiangalia. Kuku wa mwalimu mkuu wa pale alikuja, akaidonoa pembeni, hakuna aliyemfukuza. Madam akauliza, "Nani hajachukua chakula?" na watu wakatafuna. Mwalimu alikuwa anakuja kuitazama na yeye simu yake ilipolia.

"Ndiyo, mkuu," akasema. Akasimama wima, hata kwenye simu anasimama wima. "Tumefika, mkuu. Salama kabisa. Wote, mkuu. Thelathini na wawili." Alisema hivyo akiwa ameitazama sahani. Nadhani macho yake yalikuwa yameshajua na mdomo ulikuwa bado uko kwenye mstari.

Mimi nikasema, "Mwalimu, hayupo."

Akaziba simu na kiganja. "Nani?"

"Thelathini na moja. Alikaa chini kabla ya saa sita. Ana selimundu. Hesabu nilijibu mimi."

Alinisubiri. Kapteni naye alinisubiri, na madam, na wote na tonge zao. Ilinichukua muda kuelewa wanasubiri nini. Walikuwa wanasubiri sehemu ya kuchekesha.

Nikasema tena, kwa sauti yake. "Thelathini na moja."

Kwenye kiganja cha mwalimu sauti ya mkuu wa shule ilikuwa inaendelea, ndogo kama ya mbu. Alikuwa anauliza, una hakika ni wote? Yeye alikuwa anauliza akiwa tayari anajua. Mama yake thelathini na moja alikuwa ameshampigia.

Nilichokuja kusikia ni hiki. Rafiki yangu alikaa kwenye kivuli cha jiwe, akanywa maji yake yote pale pale bila filimbi, akafikiria. Mwalimu alitufundisha kwamba anayebaki nyuma afuate njia ya mstari mpaka aufikie. Yeye alitazama njia ya mstari akaona inapanda juu, haina mti wala nyumba. Akatazama upande wa ziwa akaona moshi. Maumivu yalikuwa yameshaanza kwenye nyonga na mgongoni. Akauacha mstari, akateremka kuelekea kwenye moshi, sehemu nyingine kwa kutambaa. Chini kulikuwa na wanawake wanaanika dagaa. Walimwita mwanangu, wakamnywesha maji na uji, wakampigia mama yake kwa namba aliyokuwa nayo kichwani, wakampakia bodaboda katikati ya dereva na mama mmoja mwenye mwili, asianguke, mpaka hospitali ya Magu. Daktari aliwaambia wazazi kwamba saa mbili zaidi kwenye jua lile ingekuwa habari nyingine. Sisi, tangu ile hesabu, tulitembea zaidi ya saa mbili.

Shuleni tuliandikishwa maelezo, kila mtu karatasi yake. Watu waliandika, "Sikuona kitu kwa sababu nilikuwa natazama mbele." Wote. Mpaka makosa ya tahajia yalifanana. Mimi niliandika yote, ukurasa na nusu, na nilipomaliza nikausoma nikaona kama ameandika mtu mwingine mwenye mwandiko wangu. Walinisimamisha wiki mbili. Mwalimu wa michezo alihamishwa. Baba alinichapa, halafu akaacha katikati, akasema, "Huyu mtoto halii," akaenda kufunga mbuzi.

Ndani ya zile wiki mbili nilikwenda Buhongwa. Mama yake alinifungulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Hakunikaribisha ndani wala hakunifukuza. Alikwenda akarudi na fomu, akaishika mbele yangu. Karatasi ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi.

"Hii ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Baba yake aliitazama siku nzima," akasema. "Alikuwa anajaribu kukumbuka ni lini aliisaini." Akaikunja tena. "Hata mkia umeupatia."

Nilijua hapo ndipo mtu hulia. Nilingoja. Mama yake naye nadhani alingoja. Kisha akasema mwanae bado yuko wodini Mwanza, na mimi nisiende, atakapotaka kuniona ataniona mwenyewe shuleni.

Alirudi muhula uliofuata, na magongo mawili. Nyonga moja haijakaa sawa na hawajui kama itakaa. Alikuja mpaka kwenye dawati letu, akaweka chupa yake mahali pake, akakaa. Darasa lilimpigia makofi. Wote kwa pamoja, na wote wakaacha kwa pamoja. Somo la kwanza lilikuwa Jiografia. Mwalimu akauliza kama tumeelewana, tukasema ndiyo, na yeye akanyoosha mkono. Hakuna aliyeguna. Ilikuwa vibaya kuliko walipokuwa wanaguna.

Mimi wenzangu wameacha kuniomba sauti. Wakati mwingine kidato cha kwanza, ambao hawajui, wananiomba mlinzi wa getini, nawapa, wanacheka. Inatoka vizuri tu.

Asubuhi ya siku yake ya nne alikuwa kwenye ngazi ya darasa na mabegi, wengine wako uwanjani na mchakamchaka. Mimi sikwenda. Nilikaa kwenye ngazi ya chini yake. Hakuna aliyenifuata kuniuliza. Wimbo ulikuwa unakuja na kuondoka kadiri walivyozunguka, chenja, chenja, na magongo yake yalikuwa yamelala katikati yetu.

"Uliniitikia hesabu," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa sauti yangu."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza habari ya kokoto, na magoti, na namna walivyonigeukia wote bila kusema. Nikamweleza kwamba walikuwa wamenikasirikia halafu wakanisamehe, na sikutaka wakasirike tena. Nikamwambia wimbo wa ng'ombe nilitunga mimi, ingawa alijua. Nikamwambia sikusikia kitu wakati ule na hata sasa bado, na kwamba hiyo haikuwa sababu, nilikuwa namwambia tu. Nilipofika mwisho niligundua nimeongea kwa sauti yangu mwenyewe, ambayo siitumii sana, ina mikwaruzo.

"Umeelewa?" nikamwuliza.

Walikuwa wanapita karibu, vumbi likatufikia. Alisubiri mpaka wakapita.

"Mimi sijaelewa," akasema. Akanisogezea chupa. "Rudia."

Nikanywa. Kisha nikaanza tena, safari hii tangu kwenye fomu.